Mgonjwa Asiyepona Naye Ana Dawa Yake

Na Karani wa Parokia, Sumbawanga

Kuna neno moja ambalo jamaa za mgonjwa huliogopa kuliko mengine yote wakiwa hospitalini. Ndilo hili: "Mrudisheni nyumbani." Daktari amekwisha pima damu na kutazama picha, naye ameona kwamba kansa imeenea mwilini, au figo zimechoka kabisa, au moyo hauwezi tena kazi yake. Basi awaita jamaa pembeni na kuwaambia neno hilo kwa sauti ya chini. Nao humchukua mgonjwa wao, wakarudi naye Laela, au Matai, au Kaengesa, au wakateremka naye bondeni hata Mtowisa.

Wakifika nyumbani, kwa kawaida hutokea moja kati ya mambo mawili. Wengine hukataa neno la daktari. Huuza ng'ombe, huuza mahindi ya chakula, wakakimbia huku na huku kwa wapiga ramli, na mwisho mgonjwa hufa vilevile na watoto hubaki hawana ng'ombe wala chakula. Wengine hulikubali neno la daktari, lakini hulikubali kwa namna mbaya: hukaa kimya wakingoja siku. Mgonjwa hulia usiku kucha, watoto humsikia toka chumba cha pili, na majirani hutikisa vichwa na kusema, "Hakuna la kufanya tena, ni mapenzi ya Mungu."

Ndugu zangu, neno hilo la "hakuna la kufanya" si kweli. Kuponya ni jambo moja, na kutuliza maumivu ni jambo jingine. Huenda ugonjwa usiponyeke, walakini maumivu yake huweza kutulizwa, na mara nyingi sana hutulizwa kwa dawa ya kunywa, nyumbani kwa mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa asiyepona naye ana dawa yake. Lakini haipati asiyejua kuiomba, na kwa sababu hiyo nimeandika makala haya.

JINA LA KAZI HII NA MWANZO WAKE

Kazi ya kumtunza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponyeki, ili akae bila maumivu na kwa heshima mpaka mwisho, madaktari wetu wa Tanzania huiita tiba shufaa. Katika lugha za Ulaya jina lake limetoka katika neno la Kilatini pallium, maana yake joho. Wengi wetu twaijua habari ya Mtakatifu Martino wa Tours, ambaye sikukuu yake ni tarehe 11 Novemba. Alikuwa askari, akamkuta maskini akitetemeka kwa baridi langoni mwa mji, akalikata joho lake kwa upanga akampa nusu. Hakuuondoa umaskini wa mtu yule, wala hakuliamuru jua liwake. Alimfunika tu. Sisi tunaokaa huku Ufipa juu, na tunaojua upepo wa mwezi wa Juni na Julai, hatuhitaji kufundishwa thamani ya kufunikwa.

Mtu aliyeianzisha kazi hii kwa namna ya sasa ni Bibi Cicely Saunders wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2005. Kwanza alikuwa muuguzi, kisha akasomea udaktari kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii. Mwaka 1967 alifungua mjini London nyumba iitwayo St Christopher's, ambapo wagonjwa wasiopona walitunzwa vema. Bibi huyo alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana sehemu nne. Yako ya mwili, nayo huonekana. Yako ya moyo, yaani hofu na huzuni. Yako ya jamaa, kama vile mama kufikiri nani atawalea wanawe, au baba kufikiri deni la mbolea. Tena yako ya roho, mtu akijiuliza kama Mungu amemwacha. Ukitibu sehemu moja na kuziacha nyingine, mgonjwa hatatulia. Lakini ya mwili hutangulia, maana mtu anayeungua kwa maumivu hawezi kuzungumza na wanawe, wala kusali, wala kuungama vizuri.

Shirika la Afya la Dunia hukadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 duniani wahitaji tiba shufaa, na kwamba katika kila watu 100 wanaoihitaji, 14 tu ndio waipatao. Sehemu kubwa ya hao wasioipata ni watu wa nchi kama zetu.

DAKTARI ALIYEKUWA KATEKISTA

Yafaa tukumbuke kwamba katika nchi yetu hii uganga na sala vilitembea pamoja tangu zamani. Mjini Sumbawanga kuna hospitali ya Jimbo iitwayo kwa jina la Dr. Atiman. Vijana wengi hupita mlangoni pake bila kujua huyo ni nani. Adriani Atiman alizaliwa karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alikamatwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, kisha akakombolewa na Mapadre Weupe. Walimpeleka kusomea uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na hapo alifanya kazi ya udaktari na ya ukatekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67.

Yeye hakuona ugomvi kati ya dawa na dini. Kwa mkono mmoja alifunga vidonda, na kwa mkono wa pili alifundisha sala. Basi nasi Wakristo wa siku hizi tusizitenganishe kazi hizo mbili. Anayemwombea mgonjwa na kumnyima dawa ya maumivu ametumia mkono mmoja tu.

DAWA ZENYEWE

Mwaka 1986 Shirika la Afya la Dunia lilitoa mafundisho mepesi juu ya maumivu ya kansa, nayo yamefananishwa na ngazi ya vipago vitatu. Kipago cha kwanza ni dawa tunazozijua wote, kama panado. Zisipotosha, kipago cha pili ni dawa zenye nguvu kiasi, kama kodeini. Zikishindwa nazo, kipago cha tatu ni morfini. Siku hizi madaktari hawalazimiki kukanyaga kila kipago. Mgonjwa mwenye maumivu makali sana huweza kupewa morfini mara moja. Lakini watu wa nyumbani wasijipandie ngazi hiyo peke yao. Wengine hununua dukani diklofenaki nyingi na kumpa mgonjwa kila anapolia, nao hawajui kwamba dawa hiyo ikizidi huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo.

Morfini hutoka katika utomvu wa mmea uitwao popi, na wataalamu waliitenga toka utomvu huo mwanzoni mwa karne ya 19. Si dawa mpya, wala haikutengenezwa kwa ajili ya matajiri tu. Unga wake huchanganywa na maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya kuyahifadhi yasiharibike, basi ikawa dawa ya kunywa, chungu kidogo, ambayo hata mtu asiyeweza kumeza kidonge aweza kuinywa. Haihitaji sindano wala kitanda cha hospitali.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia katika jambo hili. Mwaka 1993 Dr. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool nchini Uingereza, alianza kazi hii Kampala, katika nyumba ndogo aliyoazimwa kwenye Hospitali ya Nsambya, ambayo ni hospitali ya Kanisa Katoliki. Hapo zamani aliwahi kuwa sista wa shirika la Medical Missionaries of Mary na kutibu watu Nigeria. Alipofanya kazi Singapore, yeye na wenzake walitafuta namna ya kuchanganya morfini ya kunywa kwa gharama ndogo, na elimu hiyo aliileta Uganda. Dawa yao hutiwa rangi ili nguvu zake mbalimbali zisichanganywe: ya kijani ndiyo hafifu, na za rangi nyingine zina nguvu zaidi. Kazi ilitoka Kampala ikafika Mbarara na Hoima. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika morfini wao wenyewe, kwa sababu huko vijijini madaktari ni wachache. Huko mgonjwa hupewa dawa hiyo bure. Dr. Merriman alifariki mwaka 2025, akiwa mzee wa miaka 90.

Kwetu Tanzania nako hatukukaa bure. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyo katika majengo ya hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ndiyo mama wa kazi hii nchini. Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilianzisha PASADA mwaka 1992 kwa ajili ya wagonjwa wa ukimwi, na watumishi wake huwafuata wagonjwa majumbani. Ndugu zetu Walutheri wa Hospitali ya Selian, Arusha, wana kazi kama hiyo tangu mwaka 1999. Na Mwanza iko Bugando, hospitali ya Maaskofu wetu, itibuyo kansa. Lakini toka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Mgonjwa mahututi hapaswi kusafirishwa umbali huo ili apate chupa ya dawa ya maumivu. Yafaa dawa imfuate yeye.

HOFU TATU

Mtu akitajiwa morfini, mara nyingi hushtuka. Tuzitazame hofu zake moja moja.

Hofu ya kwanza: "Dawa hiyo huua." Ikinywewa ovyo huweza kuua, kama dawa nyingine nyingi. Lakini daktari huanza na kipimo kidogo, akaongeza polepole mpaka maumivu yatulie. Ikitolewa hivyo, haiharakishi kifo. Mgonjwa huweza kusinzia sana siku mbili tatu za mwanzo, na watu wakadhani anakwenda zake. Mara nyingi ni usingizi aliokosa kwa majuma mengi. Baada ya siku hizo hali huwa afadhali, na wengine huamka wakaomba uji.

Hofu ya pili: "Atakuwa mlevi wa dawa." Kijana mzima atumiaye dawa hizi kwa kutafuta starehe hujiangamiza, na serikali yafanya vema kuzilinda kwa sheria kali. Lakini mgonjwa wa kansa anayepewa kipimo chake hatafuti starehe, atafuta kulala. Wagonjwa wa namna hiyo ni nadra sana kuwa walevi wa dawa. Ni kweli kwamba mwili huizoea, na kwa hiyo dawa isikatwe ghafula bila daktari. Lakini kuizoea dawa si ulevi.

Hofu ya tatu: "Wakimpa hiyo, ndiyo dalili ya mwisho." Hapana. Morfini hutolewa kwa sababu ya ukali wa maumivu, si kwa sababu ya ukaribu wa kifo. Wako wanaoitumia kwa miezi mingi, hata kwa miaka, huku wakilima bustani zao na kwenda Misa. Tena wako wanaoitumia wakati wa matibabu, wakapona, wakaiacha.

KANISA LASEMA NINI?

Yupo Mkristo atakayesema: "Bwana wetu aliteswa msalabani. Walipompa divai iliyochanganywa na manemane aliikataa. Je, sisi ni nani hata tuyakimbie maumivu?" Hilo ni swali la mtu mwema, na lastahili jibu.

Tarehe 24 Februari 1957 Baba Mtakatifu Pio XII alijibu maswali ya madaktari juu ya jambo hili hili. Alifundisha kwamba Mkristo halazimiki kutafuta maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe. Aweza kutumia dawa za kuyatuliza. Hata kama dawa hizo huenda zikafupisha maisha bila mtu kukusudia hivyo, zaruhusiwa, ikiwa shabaha ni kutuliza, hakuna njia nyingine, na mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake wa dini na wa jamaa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha hivyo hivyo katika namba 2279, tena yaiita kazi hii tendo la upendo linalopaswa kuhimizwa.

Lakini tuwe macho. Kutuliza maumivu si kumwua mgonjwa. Kumpa mtu dawa makusudi ili afe ni dhambi kubwa, hata kama amelia akiomba hivyo. Na mara nyingi anayelia kuomba kifo, akipata usingizi wa usiku mmoja bila maumivu, haombi tena. Vilevile Kanisa halimlazimishi mtu kuuza kila alicho nacho kwa matibabu mazito yasiyo na tumaini. Kukubali kwamba ugonjwa hauponyeki si kukosa imani.

Na habari ya kutoa mateso kwa Mungu? Ni neno takatifu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya mateso mwaka 1984, iitwayo Salvifici Doloris. Ndani yake alifundisha mambo mawili pamoja: kwamba mateso yakiunganishwa na ya Kristo yana thamani, na kwamba kila atesekaye anatudai tuwe kwake kama yule Msamaria. Na yule Msamaria hakumhubiria majeruhi juu ya faida ya uvumilivu. Alimwaga mafuta na divai juu ya vidonda vyake. Kila mtu aweza kuyatoa mateso yake mwenyewe. Hakuna awezaye kuyatoa mateso ya mwenzake kwa kumnyima dawa. Mgonjwa akipenda kuvumilia kidogo ili akili yake iwe nyepesi wakati wa sala, ni hiari yake yeye, si ya mume wake, wala ya mkwe wake, wala ya karani wa parokia.

KAZI ZA NYUMBANI

Basi tuseme daktari ametoa dawa. Sasa kazi ni yenu ninyi wa nyumbani.

Kwanza, mwulizeni mgonjwa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini maumivu yampasa aulizwe, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Iko njia nyepesi ya vidole. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu madogo. Vidole vyote vitano ni maumivu makali kupita yote. Hata mzee asiyejua kusoma, hata mtoto aliyepata akili, aweza kujibu kwa mkono. Andikeni jibu lake katika daftari, asubuhi na jioni, kisha mmwonyeshe daktari. Daftari hilo litamsaidia sana kukadiria kipimo.

Pili, toeni dawa kwa saa, si kwa kilio. Hapo ndipo wengi hukosea. Hungoja mgonjwa aanze kulia ndipo wampe, na kumbe maumivu yakisha waka huwa magumu kuzimika. Morfini ya kunywa hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Kwa hiyo madaktari wengi huagiza hivi: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku kipimo mara mbili ili mgonjwa alale mpaka alfajiri. Ninyi mfuate kama mlivyoandikiwa. Asiye na saa na atumie redio au simu. Maumivu yakitokea kabla ya saa yake, ulizeni mapema kama mwaweza kuongeza na kwa kiasi gani, msikisie. Na mgonjwa akiwa mgumu kuamshwa, au akipumua polepole mno, msimpe kipimo kingine mpaka mmekwenda kuuliza.

Tatu, angalieni choo. Morfini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na hilo haliishi kwa mazoea. Ombeni dawa ya kulainisha choo siku ile ile mnapopewa morfini. Maji mengi na mapapai husaidia, lakini peke yake hayatoshi. Kichefuchefu cha mwanzo huwa cha siku chache, nacho kina dawa.

Nne, chupa ifungiwe sandukuni. Asiinywe mtoto, asiinywe kijana, wala asionjeshwe jirani anayeumwa na mgongo. Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki irudishwe hospitalini.

Tano, mwili. Mgeuzeni mgonjwa asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa mbili, na nyosheni shuka isiwe na mikunjo, ili asipate vidonda vya mgongoni. Kama kumwosha humwumiza, mpeni dawa ya maumivu saa moja hivi kabla. Midomo ikikauka, ipakeni mafuta. Kinywa kisafisheni kwa maji yenye chumvi kidogo. Kidonda cha kansa kikitoa harufu, msimkimbie. Mwulizeni muuguzi juu ya vidonge vya metronidazoli, vile tuvijuavyo kwa kutibu amiba. Huweza kusagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa, na harufu hupungua sana. Harufu hiyo imewatenga akina mama wengi na wajukuu wao, na dawa yake ni ya bei ndogo.

Sita, chakula. Mtu anayekaribia mwisho hana njaa, na mwili wake hauwezi tena kukitumia chakula. Msimlazimishe ugali. Vijiko viwili vya uji wa ulezi alivyovitaka mwenyewe ni bora kuliko bakuli zima alilolazimishwa akalitapika.

UKWELI NA WOSIA

Watu wa nyumbani wengi humficha mgonjwa habari ya ugonjwa wake. Hudhani wamlinda. Kumbe mgonjwa huona nyuso zao na kusikia minong'ono, naye hubaki peke yake na hofu yake. Si lazima kumwambia yote kwa siku moja, wala kumwambia asichouliza. Lakini akiuliza, msimdanganye. Mwulizeni yeye mwenyewe aonaje hali yake, na mara nyingi atawaambia.

Mgonjwa aliyetulizwa maumivu na kuambiwa kweli huweza kufanya kazi kubwa. Huweza kusema shamba lipi ni la mke wake na ng'ombe wangapi ni wa kumsomesha mtoto. Huweza kutaja madeni, na kumwita ndugu waliyegombana naye. Twajua jinsi wajane wetu wanavyosumbuliwa pasipo wosia. Wosia ulioandikwa vizuri mbele ya mashahidi ni kinga yao, lakini mtu anayelia kwa maumivu hana nafasi ya kuuandika. Hivyo chupa moja ya dawa huweza kuokoa jamaa nzima na magomvi ya miaka mingi.

PADRE NAYE AITWE MAPEMA

Katika daftari la wagonjwa la parokia naona jambo moja mara kwa mara: padre huitwa usiku, kwa haraka, mgonjwa akiwa amekwisha poteza fahamu. Watu huogopa kumwita mapema, maana wadhani Mpako ni hati ya kifo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wale tu walio katika saa ya kufa. Mtu akianza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee, wakati wake umefika. Aitwe padre mgonjwa akiwa na akili timamu, aweze kuungama, kujibu sala na kupokea Komunyo. Na ugonjwa ukizidi, aweza kupakwa tena.

MAMBO YA KUFANYA JUMA HILI

Kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, usingoje. Nenda zahanati ya kijiji, umwambie mganga wazi: "Mgonjwa wetu ana maumivu makali, twaomba aandikiwe barua ya kwenda kupata dawa kali ya maumivu." Katika nchi yetu morfini huandikwa na daktari, nayo hutoka katika hospitali zenye kibali. Kwa hiyo uliza katika Hospitali ya Mkoa Sumbawanga au katika Hospitali ya Dr. Atiman, na kama siku hiyo haipo, omba waseme itapatikana wapi, Mbeya au kwingineko. Uliza maswali manne, uyaandike majibu: Nimpe kiasi gani? Saa ngapi? Akizidiwa nifanye nini? Nimpigie nani simu? Na daktari akisema "mrudisheni nyumbani," muulize kwa heshima: "Sawa, daktari, lakini juu ya maumivu yake, mwatupa nini?" Swali hilo ni haki yako. Hospitali isikiapo swali hilo mara nyingi hujua kwamba dawa yahitajika, na huiagiza.

Na ninyi Jumuiya Ndogo Ndogo, msifike kwa mgonjwa mara moja tu na rozari na kilo ya sukari. Pangeni zamu. Mara nyingi anayemtunza mgonjwa ni mke au binti mmoja, naye hajalala usingizi kamili kwa miezi miwili. Mtu mmoja akeshe Jumanne, mwingine Alhamisi. Mmoja alete kuni, mwingine achote maji, na vijana wapalilie shamba lake. Sala itakayosaliwa baada ya kazi hizo itasikika vizuri zaidi, hata na mgonjwa mwenyewe.

Kufa ni lazima kwetu sote. Lakini kufa kwa kulia usiku kucha, huku dawa iko na hakuna aliyeiomba, si lazima, wala Mungu hakukuamuru. Katika Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, twafundishwa kwamba dawa zatoka ardhini kwa kazi ya Mungu mwenyewe, na mwenye akili hazidharau. Basi tusizidharau. Tumfunike mgonjwa wetu kwa yote mawili, dawa na sala, mpaka Bwana atakapomwita kwa amani. Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.